Kibao cha Arobaini na Tisa

Tulimwita Leo. Jina lake lilikuwa refu
kama treni ya TAZARA iliyomshusha Mbeya,
Leovigildo na mabehewa mengine nyuma,
nasi wa Tukuyu hatukuwa na muda wa kuyahesabu.
Leo kaja. Leo kalala. Leo hataki ndizi za kuchemsha.
Watoto walicheka mpaka wakachoka.

Mkewe, Dokta Karida, alitibu macho.
Yeye hakutibu kitu. Alikaa barazani siku za mvua
(na kwetu mvua hainyeshi, inahamia na vyombo vyake),
vidole vikitembea juu ya goti
kama kuku anayedonoa punje asizoziona mtu.
Kwao Matanzas mama yake alifua mashuka ya hoteli
ili mwana apate saa moja kwa wiki
kwenye kinanda cha jirani.
Miaka kumi na tisa, yuko Havana,
suti ya kuazima, jazi hadi alfajiri,
wapishi wakitoka jikoni na miko mikononi.
Haya alimweleza mkewe, mkewe akamweleza nesi,
na nesi ni dada yangu Tupokigwe.

Ndipo mchungaji akakumbuka kinanda cha wamisionari,
stoo, chini ya magunia ya kahawa.
Mchwa walishakula mguu mmoja.
Panya walizalia kwenye nyundo.
Fundi Ambilikile akasema, mbao ni mbao,
akachonga mguu mpya wa mkaratusi.
Mimi, mwanagenzi wake,
nilipewa gundi.

Nisikilize vizuri hapa.
Kibao cha arobaini na tisa, ukihesabu toka kushoto:
nilimimina nyingi. Ikachuruzika ubavuni, ikaganda.
Nikasukuma. Kikagoma kama ng'ombe wa jembe mlimani.
Nikapangusa kwa shati, nikanyamaza.

Jumamosi Leo akaketi. Akapanda sauti moja moja
kutoka chini, akafika pale: ta.
Akarudia. Ta.
Akageuka akanitazama mimi, sijui alijuaje,
labda shati.
Akaanza upya, na kila alipolifikia shimo lile
aliliruka kama sisi tulivyoruka mfereji tukienda shule,
bila kutazama chini.
Wapiga tarumbeta wa Moraviani walikuja kushangaa tu.
Mmoja akachomeka sauti. Wa pili.
Makofi: matatu, pumzi, mawili.
Matatu, pumzi, mawili.
Mzee wa kanisa akauliza hiyo ni ya ibada gani.
Hakuna aliyemjibu.

Miaka miwili, mkataba wa Dokta ukaisha.
Leo kaondoka juzi, tukasema,
na watoto wakacheka, ila kidogo.

Sasa mpwa wangu Lugano ana simu.
Katafuta, kapata: ukumbi, taa,
kinanda cheusi kinachong'aa kama maji ya Ziwa Ngozi,
Leo na mvi nyeupe kama ua la pareto.
Vibao themanini na nane, vyote vizima.
Na pale, pale pale,
vidole vinakaribia, vinainuka,
vinatua ng'ambo.

Daktari mmoja wa Rufaa, aliyesomea kwao,
alinitafsiria wanayosema wajuzi:
kwamba kimya kile ni mama yake,
kwamba ni bahari,
kwamba ni nchi aliyoiacha na kuirudia akaikuta si ile.
Yuko aliyekiandikia kurasa mia tatu.

Nilicheka hadi nikalia, au kinyume chake.
Ni gundi, daktari.
Ni mimi.

Leo kafa jana.
Lugano kasoma kwa sauti, na hakuna aliyecheka;
watoto wale nao wana watoto.
Nimekwenda stoo na patasi, nimepuliza vumbi,
nimehesabu toka kushoto, nikakosea, nikahesabu tena.
Gundi imekuwa jiwe. Patasi ilikuwa kali,
mkono wangu bado haujaanza kutetemeka.

Nimeirudisha mfukoni.
Nimekibonyeza mara moja tu, taratibu.

Ta.